Aliyeitikia Nambari Thelathini na Saba

Nambari thelathini na saba iliitika kwa sauti ileile iliyoitika nambari kumi na mbili. Mwalimu Shahriar, aliyekuwa akiita mahudhurio, akaweka kalamu chini.

"Thelathini na saba, simama."

Hakusimama mtu. Darasa zima likainamia simu.

"Basi kumi na mbili asimame."

Tahmina akasimama, mtandio umemteleza mpaka mabegani. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Shahriar. Muhula mzima amewafundisha maadili vijana hawa wa kompyuta, na muhula mzima wamemtazama kama mtu anayewapotezea wakati. Insha ya uaminifu wamenakiliana mpaka na makosa yake. Na leo, siku ya somo la watu wanaojifanya wengine mtandaoni, wanamfanyia hivi mbele ya macho yake. Alichoka. Alichoka kwelikweli.

"Lipi, mwenye thelathini na saba, yuko wapi?"

"Hospitali ya Rajshahi, Mwalimu. Mama yake anasafishwa damu kila Jumatatu na Jumatano, na hana mtu mwingine wa kumpeleka."

"Kwa nini hakuleta barua?"

"Alileta ofisini. Akaambiwa kanuni ni kanuni, asiyefikisha asilimia sitini ya vipindi hafanyi mtihani. Alikuwa amebakiza kimoja tu. Cha leo."

Huko nyuma mtu akasema, "Mwache, Mwalimu. Sisi sote huwa tunaitikiana." Wakaangua kicheko.

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu.

"Chekeni tu. Kesho mtakabidhiwa kompyuta za benki, za hospitali, za hao mama zenu wanaosafishwa damu. Mtu akisema yupo, kumbe hayupo, nani atamwamini nani?"

Kipindi kilipokwisha, Tahmina akamfuata mpaka mlangoni pa ofisi ya idara.

"Ukinishtaki, Mwalimu, nitasimamishwa mwaka mzima. Baba hatanirudisha tena huku, ataniozesha. Niadhibu vingine, nakuomba. Nipe hata insha kumi."

"Ungeyafikiria hayo kabla ya kufungua mdomo."

Alilisema hilo moyo ukimuuma, lakini hakurudi nyuma. Akaingia ndani, akajaza fomu ya udanganyifu: Tahmina, Lipi, tarehe, kosa. Akaitumbukiza kwenye sanduku la Mkuu wa Kitivo, lile lenye kufuli, ambalo ufunguo wake anao Mkuu peke yake.

Haroon, karani wa idara, alikuwa akimtazama tu.

"Umewamaliza watoto wa watu, ndugu yangu Shahriar bhai."

"Bila hivyo hawatakoma. Hii tabia imetuozesha sote, Haroon. Kila nikiingia darasani najiona mjinga."

"Haya, yamekwisha. Tia sahihi basi, kitabu kinachukuliwa saa nane."

Akamsogezea kitabu cha mahudhurio ya walimu. Shahriar akateremsha kidole kwenye orodha mpaka akalifikia jina la Daktari Mahfuz Sarkar, mwalimu rasmi wa somo lile la maadili, aliyehamia Kanada na familia yake tangu mwaka juzi, akamtilia sahihi kama kawaida.