Kopo Kwenye Debe la Unga

Nesi alimaliza kumchoma Tabia sindano ya uzazi wa mpango, akamwekea kopo la vidonge mezani. "Umepima, uko salama. Meza kimoja kila siku, kikukinge na Ukimwi."

Tabia akacheka. "Cha nini, dada? Muulize mama mkwe huyu hapa, ndiye aliyemlea mume wangu. Hatoki nje ya ndoa."

Mama mkwe, Bi Sikudhani, akamkumbatia mjukuu aliyempakata. Dawa za Ukimwi za mwanawe zilikuwa kwake, kwenye debe la unga, kopo halijafunguliwa. "Mke wangu asijue, mama," mwanawe alikuwa amemsihi. Naye kila akichota unga alilisogeza kopo kando, akafunika debe.

"Chukua, mwanangu," akasema, akimsogezea Tabia kopo la nesi.

"Kwa nini, mama?"

Mtoto akalinyakua kopo la mezani, akalitikisa kama kayamba, akicheka. Wanawake watatu wakabaki wakisikiliza vidonge.