Wavu wa Shemdoe

Kila aliyetimiza miaka arobaini aliwekewa wavu mwembamba kwenye mshipa wa shingo. Wavu ukinasa damu iliyoganda, bangili ya mwenzi wake hutetemeka, naye huibonyeza ili muuguzi aje na mrija kuivuta ile damu. Mtu akifa, wavu wake huoshwa akawekewa mtu mwingine, na bangili hurudishwa.

Bi Tunu hakuirudisha. Alikuwa edani, hatoki. Siku ya tisini, akipepeta mchele, bangili ikatetemeka.

"Mume wangu, kaa chini!" akaruka.

Kisha akakumbuka kwamba Shemdoe yumo kaburini, na wavu wake umo shingoni mwa mtu mwingine. Akaibonyeza hivyo hivyo, na mtu asiyemjua akapona.

Eda ilipokwisha, dada wa marehemu akaja. "Wifi, irudishe. Yule naye ana mkewe."

"Nitairudisha, wifi. Itetemeke mara moja tu tena."

Wiki ya tatu hii bangili iko kimya. Kila asubuhi Bi Tunu hukaa na ungo wake, akiomba. Jana alijikuta akiomba kwa sauti. Akaona haya, akafunga mlango, kisha akaendelea: "Ganda. Ganda kidogo tu."