Mguu wa Baba Mkwe

Daktari Tulia alijifunga kitambaa puani na mdomoni, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, ndipo akaingia chumba alimolala baba mkwe wake.

Miaka mitano ameolewa na Abeli, na mzee Ambindwile hajapata kumwona uso. Kwao kijijini Nkunga mwiko ni mwiko: mke wa mwana akisikia baba mkwe anakuja, hujitosa migombani na kujitanda kanga mpaka apite. Tulia, na udaktari wake wote, alijitosa kama wenzake, na kila mara alitoka huko amefura kwa hasira.

Leo hakuwa migombani. Alikuwa Ibighi, katika kliniki yake mwenyewe, moja ya zile za binafsi zilizochipuka Tukuyu baada ya serikali kulegeza kamba. Na mzee, aliyechuma chai maisha yake yote, sasa alikwenda chooni kwa kutambaa. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba vibaya.

Nesi Felista alinong'ona kwamba heri wamwite mtabibu Enosi. Lakini Enosi alikwisha kumchoma sindano mara mbili kwa kukisia, na leo mzee mwenyewe alimkataa pale mapokezi, akataka daktari wa mashine ya kuonea ndani.

"Mguu hauna mwiko," Tulia akamjibu. Liwalo na liwe.

Alichoogopa ni sauti yake. Mzee alikuwa akiisikia jikoni ikiimba, akaijua. Basi Tulia akawa anamnong'oneza nesi, nesi anamwambia mzee: nyoosha, legeza. Mzee alitii, macho yake yote darini.

Kwenye kioo cha ultrasaundi sindano ilionekana ikipenya kuelekea kiungo chenyewe. Mara mguu ukashtuka. Dawa ikienda pembeni, mzee anarudi kutambaa.

"Usitikisike, baba." Sauti ikamponyoka Tulia.

Alijua mzee ataruka kitandani, na kesho ukoo mzima utamkalia kikao. Lakini mguu ulitulia tuli, dawa ikaingia yote.

Ganzi iliyochanganywa na dawa ilipokolea, mzee alishuka. Akakanyaga, akakanyaga tena kwa nguvu. Kisha akageuka, akamtazama daktari usoni bila haraka.

"Jumapili mje na Abeli," akasema. "Wewe upite mlango wa mbele. Ukoo ukiuliza, waje waniulize mimi."