Mama Kijacho

Siwema alipuliza tena kwenye mfuko wa kipimo cha pumzi, akaukabidhi. Daktari akasoma majibu.

"Si mimba, dada. Bakteria wamezidi kwenye utumbo mwembamba. Chakula kinachacha humo, tumbo linajaa gesi. Meza dawa hizi, litashuka."

"Lote?"

"Lote."

Tangu aolewe, mama mkwe alimwita "wewe". Tumbo lilipotokeza, akawa mama kijacho, akabebewa hata ndoo ya maji.

Nje, mama mkwe alimpisha kwenye benchi. "Kaa, mama kijacho. Wamesemaje?"

Siwema akaketi taratibu, dawa zikiwa ndani ya ngumi. Tumbo likanguruma.

"Sikia hilo dume," mama mkwe akacheka, akaweka kiganja pale, akangoja lingurume tena.