Nchi Gani Hiyo?

"Kitendawili!" mtangazaji alipaza sauti kwenye maikrofoni.

Siku zote fundi mitambo, ambaye pia ni shemeji yake, humwitikia "Tega!" kutoka upande wa pili wa kioo. Leo alikuwa ameinamia vifungo vyake kama anayetafuta sindano.

"Haya, najitegea mwenyewe. Nchi gani inafanana na simu yangu ya leo?"

Akasubiri. Simu iliyokuwa mezani ilikaa kimya kama imenuna.

"Mmeshindwa? Nipeni mji! Jibu ni Haiti, maana hii simu haiiti kabisa!"

Akacheka peke yake. Mgongoni jasho lilikuwa linamtiririka. Asubuhi bosi alimdaka mlangoni, hata salamu hakuna: "Wiki ya pili hii hakuna anayepiga simu. Leo nayo isipoita, kipindi kimekufa, na wewe kesho usije."

Hakuelewa. Juzijuzi tu watu walikuwa wanagombania laini, wauza mboga, madereva, wanafunzi, wote wakimwita Mzee wa Nchi. Au vitendawili vimechuja? Angemuuliza mke wake, msikilizaji wake namba moja, lakini tangu wamzike, redio ya nyumbani haijawashwa. Hata jana kinyozi alimpa pole kwa sauti ya chini. Akaitikia, "Ndiyo kazi ya Mungu." Kinyozi akabaki anamtazama.

"Nchi gani ukiuliza bei unatoka mbio? Senegali! Jamani, hata hii?"

Alimtazama shemeji yake. Shemeji akatazama saa.

Muda ulikuwa unayoyoma. Akaamua kutega cha watoto wa chekechea, aibu baadaye.

"Nchi gani ukiwa nayo, ndugu hawakauki nyumbani kwako? Inaanza na Ma... inaishia na li." Akaisogelea maikrofoni. "Wapenzi wasikilizaji, hata ukikosea, piga. We piga tu."

Simu ikaita.

Nusura aanguke na kiti. Kule kwenye kioo fundi aliruka juu, mikono inapunga: "Shemeji, ngoja kwanza!" Yeye akamwonyesha dole gumba, meno yote nje, akanyakua simu.

"Mzee wa Nchi hapa! Mama, umeniokoa, Mungu akuzidishie! Haya, jibu lako?"

"Jibu la nini tena, baba?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Kumbe bado upo hapo! Na sisi huku mtaani tulishakulilia. Mimi nilitaka tu kuuliza kipindi chako kitarudi lini. Siku zote hizi saa yako ikifika wanatuwekea muziki. Hata sasa hivi, huu hapa, unapiga."