Mashine Inayoogopa Wingu

Wingu lilifunika jua, mashine ikanyamaza na gugumaji mdomoni. Konsolata akacheka.

"Mashine gani hiyo inaogopa wingu?"

Roselida, mke mwenzake, alingoja mpaka jua likarudi kwenye paneli ya sola, mashine ikaanza tena kukatakata. Miezi mitatu alikuwa anavuta magugumaji ziwani, anakata, anarundika, anageuza, mpaka yanakuwa mbolea nyeusi. Sasa ilikuwa imejaa kwenye mitaro yote ya shamba lake, na mvua zilikuwa zimeanza siku kumi zilizopita. Mahindi ya majirani yalishafika kifundoni.

Yeye hakuwa ametia hata punje. Konsolata ndiye mikayi, mke wa kwanza, na kwenye boma la Mjaluo mkono wa mikayi ndio hutangulia kutia mbegu ardhini. Na mikayi hakuwa na haraka. Wanawe wakubwa walimtumia unga kutoka Kisumu. Wa Roselida walikuwa wanne, wadogo, na ghalani mwake hata panya walikuwa wamekonda.

"Mikayi, mvua itakatika."

"Na ikatike. Mgongo unaniuma."

"Mgongo uliocheza harusini Jumamosi?" aliuliza mama mkwe wao, akichambua mboga kivulini.

"Mama, nimesema unaniuma."

Roselida, kopo la mbegu kwapani, akachota mbolea kiganjani. "Hii hata ukitupa mbegu ovyo, inaota. Samadi yako haifui dafu."

Konsolata akasonya. "Majani yameoza, yananuka kama samaki wa juzi, ndiyo yashinde mavi ya ng'ombe wangu? Umeolewa hapa jana, leo unanifundisha udongo?"

"Mimi nasema tu. Labda unaogopa kuaibika."

"Niaibishwe na takataka? Lete hapa."

Akampokonya kopo la mbegu, akaruka mtaro wa kwanza, wa pili. Akatupa punje tatu katikati ya ile mbolea, akazifukia kwa kisigino na kuzishindilia vizuri.

"Haya. Zikiota, nitakuoshea sufuria mwaka mzima."

Mama mkwe akaweka mboga chini. Alimtazama Konsolata pale alipokuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Roselida," alisema, "chukua jembe. Mikayi ameshapanda."