Viatu Vinne vya Mahameli

"Kiatu ulikibadilisha kusudi, Mwanaidi, ili leo nimwoze binti yangu nikichechemea," alisema Bi Zamu, kasimama mlangoni kwa jirani yake.

"Mimi? Na hiki kinachonivuka tangu tutoke maulidini juzi, kakibadilisha nani?"

Wakatazamana miguu. Wote wawili walivaa mahameli nyekundu, za duka moja. Bi Zamu akavua, Mwanaidi naye akavua, wakavipanga kizingitini. Kila mmoja alikuwa na kimoja kikubwa, kimoja kidogo.

Bi Zamu akacheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, nimekusengenya mtaa mzima."

"Na mimi sikukaa kimya." Pilau ilinukia kutoka ndani. "Haya, viatu umeshavua. Pita ule, mama wa bi harusi haendi kucheza tumbo tupu."